Kidani cha Ufuta

Ukioa sonara, usitegemee kukuta kitu mahali ulipokiacha. Koleo langu la baiskeli nimewahi kulikuta limebana pete ya mke wa mwalimu. Kijiko changu cha chai kiligeuzwa cha kuchotea unga wa kung'arishia fedha, na nilipolalamika niliambiwa chai hainywewi kwa kijiko, inanywewa kwa mdomo. Huyo ndiye Samia, mke wangu. Maneno yake ni machache na karibu yote yana ncha.

Mimi naitwa Harithi, mkulima wa korosho na ufuta. Shamba langu liko Nkowe, nyumba yetu iko Ruangwa mjini, na chumba cha mbele, ambacho kwa watu wengine kingekuwa na makochi, kwetu kina fuawe, kile chuma cha kufulia madini, mtungi wa gesi na meza nisiyoruhusiwa kuifuta vumbi, kwa sababu vumbi lenyewe lina dhahabu. Wageni wangu huwapokea barazani. Nimezoea.

Kwao Samia ni Nachingwea. Marehemu baba yake, mzee Bilali, alikuwa sonara karibu na soko, na juu ya mlango wake paliandikwa "Bilali na Wanawe". Mwana mmoja alikuwa kaka yake Samia, ambaye alipenda zaidi kununua na kuuza kuliko kukaa na moto. Mwana mwingine alikuwa Samia mwenyewe, ila wateja hawakumhesabu. Mtu akifika na mkufu uliokatika anamtazama msichana aliyeshika koleo, anamuuliza, "Kaka yupo?" Samia anaitikia kaka yupo, anaupokea mkufu, anauunga mwenyewe, na sifa anapewa kaka. Hata alipohamia huku kwangu, watu walimjua kama yule mama anayeunga hereni. Ukisema mke wangu ni sonara, wanakuuliza sonara mwenyewe yuko wapi.

Yeye hakulalamika. Lakini mimi nalala naye chumba kimoja, najua kilichokuwa kinamkera.

Mwanzoni mwa mwaka huu akasikia redioni habari za mashindano. Masonara wa nchi nzima waliitwa Dar es Salaam kushindania tuzo, tena si kwa pete za kawaida, bali kwa vile vito vya hali ya juu ambavyo mtu akiingia navyo ukumbini wengine wanasahau kula. Walitaka kazi ya mkono, ubunifu wa mtu mwenyewe na mawe ya hapa nchini. Mtu anatuma kwanza picha, na wanaochaguliwa wanapeleka kazi yenyewe mbele ya majaji. Sharti moja lilikuwa chungu. Kazi itakayoshika nafasi ya kwanza haimrudii aliyeitengeneza. Inabaki kwa waandaaji, inazungushwa kwenye maonyesho huko na huko, kisha inauzwa.

"Utaweza kuachana nayo?" nilimuuliza.

"Mtoto wa kike hulelewa aolewe," akasema. "Kikipata mwenyewe kiende."

Alichokitengeneza ni kidani, na wazo lake alilitoa shambani kwangu, ingawa hilo hakuna anayenishukuru. Ufuta ukikauka, maganda yake hupasuka kwa juu, ukiugeuza mganda kichwa chini juu ya turubai mbegu zinamwagika. Samia aliweka bua la ufuta mezani wiki nzima akilitazama tu. Kisha akaanza kufua maganda ya dhahabu, membamba kama ukucha wa mtoto, yamepasuka midomo, na ndani ya kila ganda jiwe la kijani, garneti za huku kwetu alizokuwa akizikusanya kwa wachimbaji tangu hajaolewa. Chini ya maganda zikaning'inia mbegu, kila mbegu na kipete chake, hakuna iliyoshikana na mwenziwe. Mtu akikivaa na kupumua, zinachezacheza na kutoa sauti ndogo, ile ile ya ufuta unapodondokea turubai. Mimi si mtu wa kulia. Siku alipokimaliza nilitoka kwenda kutazama kuku.

Picha tulipiga kwa simu yangu, kwa kuwa ya Samia ilikuwa imepasuka kioo. Baada ya muda akapiga mama mmoja wa waandaaji, jina lake Prisca, sauti changamfu. "Naongea na sonara Samia Bilali?" akauliza. "Hongera, umeingia fainali. Njoo nacho Dar mwezi wa saba."

Samia akaitikia vizuri, akashukuru, akakata simu. Kisha akageukia ukuta. "Umesikia alivyoniita?" akasema. "Hakuuliza kaka."

Basi hicho ndicho alichokuwa anakwenda kukitafuta Dar.

Sasa nije kwa Mwamina. Huyo ni binti yangu wa marehemu Shamimu, mke wangu wa kwanza, aliyefariki mtoto akiwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kwa desturi yetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo Mwamina alilelewa Nkowe na bibi yake, Bi Ashura, mama mkwe wangu. Sikumpinga, na nilikuwa nampitia kila nikienda shambani. Nilipomwoa Samia, mtoto aliletwa kumsalimu mama yake mpya. Akapiga goti vizuri, akasema, "Shikamoo, anti."

Anti ndivyo anavyomwita muuza duka na nesi. Samia alimshonea gauni, akaambiwa asante anti. Alimtoboa masikio mwenyewe na kumtia hereni za nyota, akaambiwa asante anti. Mtoto hakuwa na jeuri hata kidogo, ndiyo maana ilikuwa inauma. Samia aliniambia mara moja tu, "Ananiita kama ananunua sukari," halafu hakuligusa tena jambo hilo.

Mwezi wa sita, shule zilipofunga, Mwamina akaingizwa unyagoni pamoja na wenzake. Siku ya kutoka, mwali huvishwa nguo mpya, huchezewa ngoma, na mama yake humpa kitu cha shingoni. Wengi hupewa shanga. Asiye na mama huvishwa cha bibi yake, na kila mtu uwanjani anajua kwa nini. Safari hii Bi Ashura mwenyewe alituma neno kwamba kitu cha shingoni kitoke kwa Samia, na kwamba angekuja kukichukua siku moja kabla. Samia akatengeneza mkufu mdogo wa fedha wenye jiwe moja la kijani. Ulikuwa mzuri, wa kumfaa mtoto.

Ikawa siku ile Bi Ashura anakuja, Samia yuko Nachingwea. Alikwenda kung'arishia vito vya wateja kwa kaka yake, akalala huko, na asubuhi angepanda bodaboda moja kwa moja hadi Nkowe. Aliniachia maagizo kwamba kitu cha mwali kiko mezani kwenye kopo la biskuti.

Hapa lazima niwaeleze adabu zetu, maana ndizo zilizotuponza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wakatazamana. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe wameshikana mabega, sawa, ni yao. Mimi nikisikia sauti ya Bi Ashura mlango wa mbele, natokea mlango wa nyuma. Ndivyo nilivyofanya. Nikazunguka nje, nikasimama chini ya dirisha la karakana, mgongo ukutani, nikamkaribisha kutoka huko.

"Mkwe wangu, hujambo?" akauliza kutoka ndani.

"Sijambo, mama. Shikamoo. Karibu."

"Nimefuata kile cha shingoni."

"Kipo mezani, mama, kwenye kopo la biskuti."

Nikasikia kopo linafunguka. Kisha nikasikia kopo la pili linafunguka, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kile kidani cha mashindano nacho kilikuwa mezani, nacho kwenye kopo la biskuti, kwa sababu Samia hakubali kutupa kopo lenye mfuniko mzuri. Nikafungua mdomo niseme. Lakini ningesemaje? Mama, usichukue kizuri, chukua kidogo? Nimwambie mama mkwe maneno hayo nikiwa nimempa mgongo? Nikajipa moyo kwamba mtu mzima ana macho, ataona kipi cha mtoto.

Aliona kweli. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imebadilika. "Mwambie mwenzio," akasema, "Mungu amzidishie. Mwambie nimeshukuru mimi, na marehemu ameshukuru."

Nikajiambia hizo ni shukrani kubwa sana kwa mkufu mdogo, lakini wazee wetu ndivyo walivyo. Alipoondoka nikachungulia. Mezani kulikuwa na kopo moja, limefunikwa. Meza yenyewe siruhusiwi kuigusa. Sikuigusa.

Kesho yake Nkowe ilikuwa imejaa. Ngoma zilianza mapema, akina mama wamevaa kanga za sare, na wasichana wakatolewa mmoja mmoja, nguo mpya, miwani myeusi, miavuli juu ya vichwa vyao. Samia alifika na vumbi la njiani, akasimama pembeni yangu akitafuta Mwamina kwa macho. Mwamina akatoka. Jua likampiga shingoni, na watu waliokuwa wanapiga vigelegele wakanyamaza kidogo, kisha wakapiga maradufu.

Samia akanishika mkono. "Harithi," akasema, "kile ni nini?"

"Ni kidani."

"Naona ni kidani!"

Bi Ashura hana mazoea ya kusema Kiswahili mbele za watu. Kwake ni Kimwera, Kiswahili ni cha sokoni. Lakini siku ile alitaka hata wageni waelewe. Aliinua mkono, ngoma zikatulia.

"Mlikuwa mwasema mjukuu wangu hana mama," akasema. "Nilisikia, sikujibu. Haya, tazameni shingo yake! Mtu asiye na mama huvishwa hivi? Mama yake yule pale, katengeneza kwa mkono wake!"

Watu wote wakageuka kututazama. Nilihisi kucha za Samia zinaingia kwenye ngozi yangu. Bi Ashura akamjia, akamkumbatia, na kwa sababu mimi nilikuwa pale nikaangalia pembeni, lakini masikio hayana mkwe.

"Nilikuta viwili, mwanangu," alimwambia. "Nikasema, hiki kidogo atakuwa kaweka cha kuuza, hiki kikubwa ndicho cha mtoto. Maana mama gani auze kikubwa, ampe mwanawe kidogo?"

Samia alitazama shingo ya mtoto. "Ndivyo, mama," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Kisha Mwamina akaletwa kushukuru. Alivua miwani. Akapiga magoti mbele ya Samia, mbegu za dhahabu zikalia kwa sauti ile ndogo, na mtoto akasema, "Asante, mama."

Si anti. Nilimsikia vizuri, na alivyolisema ilikuwa kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na kidonda.

"Asante nawe, mwanangu," akasema Samia. "Kimekukaa." Nikawa nataka kusema jambo, sijui hata jambo gani, akanikanyaga kidole cha mguu.

Sasa mjue kitu kimoja. Kilichovishwa mwali siku ya kutoka ni chake. Mwenyewe anaweza kukivua, kukitunza, kumpa amtakaye. Lakini aliyempa hakiombi. Ukikiomba ni kama umekwenda kumwondolea mtoto dua uliyomwombea, na hakuna mwanamke wa huku atakayekusalimu kwa moyo tena.

Tuliporudi Ruangwa nilikuwa nimewaka. "Nitakwenda kwa mjumbe," nilisema, "nitamtuma mtu mzima amweleze mama mkwe kwamba ni makosa. Makopo yamechanganywa! Hakuna aliyekusudia. Mtoto atapewa mkufu wake mdogo, na wewe utakwenda Dar."

"Ukithubutu," Samia akasema, "utaiona rangi yangu."

"Umefanya kazi miezi mingapi? Mawe yale utayapata wapi tena?"

"Sitayapata."

"Sasa?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya fuawe, mikono ameilaza mapajani. "Kidani nilikifua mwenyewe, Harithi," akasema. "Lile neno alilolisema mtoto, nilijaribu kulifua tangu nilipoingia nyumba hii, likawa halifuliki. Leo limekuja lenyewe. Nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa nimemwekea kidogo?"

Nikampelekea chai, akainywa ikiwa imepoa.

Alimpigia Prisca kuuliza kama anaweza kupeleka kitu kingine. Prisca alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani, kilichopigwa picha ndicho kinachotakiwa. Samia akasema ameelewa. Siku zilizofuata hakuwasha moto. Watu walileta hereni za kuungwa, aliwaambia waje baadaye. Nilizoea kelele za nyundo yake nikadhani zinaniudhi, kumbe nyumba bila nyundo ile haikaliki.

Halafu Mwamina akaja. Alituma salamu kwamba likizo iliyobaki anataka kukaa kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulitaka. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake la shule, kidani kikiwa shingoni juu ya blauzi ya kawaida. Aliosha vyombo nacho, akachambua mchele nacho. Mimi roho ilikuwa juu juu, naona dhahabu ya fainali inainamia sufuria la maharage. Lakini Samia alikuwa akisikia zile mbegu kutoka jikoni, anaacha alichokuwa anakifanya, anatega sikio. Kwenye kopo kidani kilikuwa bubu. Alikitengeneza kwa ajili ya sauti ile na hakuwahi kuisikia kwa mtu anayekwenda na kurudi.

Jioni moja tulikuwa uani tunamenya mihogo. Mwamina akasema bila kuinua macho, "Mama, nilimsikia baba anaongea na simu. Anasema una mashindano Dar."

Samia akanitazama kwa jicho ambalo halihitaji ncha nyingine. "Baba yako anasema mengi," akajibu.

"Unakwenda na nini?"

"Mwaka huu siendi. Nimechoka kidogo."

Mwamina akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akapeleka vidole nyuma ya shingo, akakivua. "Nenda na changu," akasema. "Nakuazima."

"Hapana, mwanangu. Hicho chako."

"Ndiyo changu. Kwa hiyo naweza kuazima."

Samia akanigeukia, akidhani mimi ndiye niliyemtuma mtoto. Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu sikumtuma, na sikumtuma. Akakipokea kwa mikono miwili. Niliona anavyotaka kukikataa na anavyokitaka, yote usoni mwake.

"Nitakirudisha," akamwambia. "Unanisikia? Nitakirudisha."

Mimi nilikuwa nalijua lile sharti. Naye alikuwa analijua. Njia nzima hadi Dar hatukulitaja.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, baridi ya kiyoyozi imeshika mpaka mifupa, nami nimevaa suti ya Idi. Kazi zote ziliwekwa kwenye visanduku vya vioo na taa juu yake. Kulikuwa na bangili yenye tanzaniti, taji, hereni ndefu kama vichala vya zabibu, na masonara wenyewe wamesimama kila mmoja karibu na chake kama watu wanaosubiri wagonjwa. Majaji wakapita. Mzee mmoja mwenye lenzi jichoni alikaa kwenye kidani chetu hadi wenziwe wakamwita. Alimuuliza Samia amejifunza wapi kuunganisha bila kuacha alama. "Kwa baba yangu, Nachingwea," akasema Samia. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika.

Kabla ya kutangaza matokeo, Prisca akaja kututoa pembeni. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na hakuweza kuficha uso wake. "Sonara Samia," akasema kwa sauti ya chini, "sitakiwi kukwambia mengi. Nataka tu unithibitishie kwamba uko tayari kukikabidhi, kama masharti yanavyosema. Wakikutaja jukwaani, unakiacha hapa."

Nilijua maana yake.

"Siwezi kukiacha," Samia akasema.

Prisca akadhani hakusikia. "Lakini sharti ulilijua?"

"Nililijua. Wakati ule kilikuwa changu."

"Na sasa?"

"Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Na mwanangu."

Nikamvuta mkono hadi nyuma ya pazia. Nilimsihi, siwafichi. Nilimwambia Mwamina ni mtoto, tutamweleza, atajivuna, shule nzima itajua mama yake amekuwa wa kwanza. Nilimwambia kwamba baada ya hapa hakuna mtu Nachingwea wala Ruangwa atakayeuliza kaka yuko wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta.

"Nimemwahidi," akasema. "Ameshapoteza mmoja aliyeondoka asirudi. Mimi nikianza kwa kusema nitarudisha nisirudishe, nitakuwa nani?"

Shamimu wangu, nilimkumbuka pale pale, nyuma ya pazia la hoteli.

Walimtaja mwingine, kijana wa Arusha mwenye ile bangili, naye alistahili. Tulipiga makofi. Samia alipewa cheti cha kushiriki kama wengine wote, Prisca akamshika mkono kwa muda mrefu, akamwambia arudi mwaka ujao. Kwenye basi, tulipopita Lindi na kuanza kupanda kuelekea kwetu, akaegemeza kichwa begani kwangu. "Nilikitaka kile cheo, Harithi," akasema. "Usije ukafikiri sikukitaka. Nilikitaka mpaka tumbo linauma."

"Najua," nilimwambia.

Mwamina alikuwa amepika. Ametandika mkeka, ameweka maji ya kunawa. Tulipoingia hakutuangalia sisi, aliangalia mkoba.

"Umeshinda, mama?"

"Sikushinda. Shika, kitu chako hiki." Samia akafungua kopo, akamnyooshea.

Nilitegemea mtoto afurahi. Mwamina alirudi nyuma hatua, uso ukamharibika, akaanza kulia kwa hasira hasa. "Kwa nini umerudi nacho? Kilikuwa cha mashindano! Nilijua ni cha mashindano!"

"Ulijua?" Samia akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya ngoma. Baba alinionyesha picha kabla sijaingia unyagoni. Akaniambia hiki kinakwenda Dar, na kikishinda hakirudi." Samia hakunitazama, na nilimshukuru Mungu. "Bibi aliponivisha nikajua amekosea. Nikasema, atakuja kuniambia nivue. Nikangoja. Hukusema. Nikaja huku makusudi, nakivaa kila siku mbele yako, uniambie. Hukusema! Ndiyo nikajua…"

"Ukajua nini?"

"Kwamba nina mama," akasema Mwamina. "Basi nikakupa. Nilikupa kabisa. Nilisema nakuazima kwa sababu ningesema nakupa usingepokea."

Mimi nilikaa chini palepale kwenye mkeka. Samia alikuwa amesimama na kidani mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa nisikilize na mimi," akasema. "Bibi alikosea kweli. Siku ile wewe nilikuwekea kidogo." Mwamina akaitikia kwa kichwa, hilo nalo alikuwa analijua. Samia akafungua kifungo cha kidani. "Basi geuka. Siku ile ulivishwa kwa makosa. Leo nakuvisha mwenyewe, kwa mkono wangu, na ninajua ninachokitoa."

Mwamina akafuta macho, akasogeza mtandio, akampa shingo.